Super Bowl ya Minneapolis na majirani wasio na tiketi

Jumapili tarehe 4 Februari mwaka 2018, macho ya Marekani nzima yalielekezwa katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota. Nje ya uwanja wa U.S. Bank baridi ilikuwa imeshuka hadi takriban nyuzi 17 za Selsiasi chini ya sifuri. Ndani, chini ya paa na penye joto, timu ya Philadelphia Eagles iliishinda New England Patriots kwa pointi 41 dhidi ya 33 katika Super Bowl ya 52, fainali ya ligi ya NFL, ule mchezo wa Kimarekani ambao mpira wake una umbo la yai.

Siku hiyo hiyo, katika mtaa wa Cedar-Riverside, ambao stesheni yake ya treni ndiyo inayofuata baada ya ile ya uwanjani, wakazi waliotaka kusafiri walielekezwa kwenye mabasi. Treni inayopita mtaani kwao kila siku ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wenye tiketi za mchezo.

Hilo ni jambo dogo likilinganishwa na mamilioni ya dola yaliyozunguka siku hiyo. Lakini lina historia ndefu, nayo inahusu swali ambalo kila mji unaoandaa mashindano makubwa hulazimika kulijibu: mali ya umma ni ya umma upi?

Mtaa wa wahamiaji

Cedar-Riverside umekuwa mlango wa wahamiaji kwa zaidi ya karne moja. Mwishoni mwa karne ya 19 walikaa humo watu kutoka nchi za Skandinavia, wengi wao vibarua. Katika miaka ya 1960 zilijengwa barabara kuu za I-94 na I-35W, na mtaa ukatengwa na katikati ya jiji. Mwaka 1973 yakakamilika majengo ya Riverside Plaza, yaliyobuniwa na msanifu Ralph Rapson, yenye nyumba zaidi ya 1,300. Jengo lililo refu kuliko yote lina ghorofa 39. Huo ulikusudiwa kuwa mwanzo tu wa mji mpya wa watu 30,000, lakini wakazi waliupinga mpango huo mahakamani na awamu zilizobaki hazikujengwa.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 na Somalia ikaingia vitani, wapangaji wapya walianza kuwasili. Wengi walipitia Kenya, katika kambi za Dadaab au zile zilizokuwa karibu na Mombasa, na ndiyo maana haishangazi kusikia Kiswahili kwenye lifti za majengo hayo. Waoromo kutoka Ethiopia nao walifika. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi moja ya Mombasa, alifika Minneapolis mwaka 1997. Wakati Super Bowl inachezwa alikuwa ndiye mwakilishi wa eneo hilo katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota, na mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa kuingia katika Bunge la Marekani.

Nani aliyeulipia uwanja?

Mahali ulipo uwanja wa leo palikuwa na uwanja mwingine, Metrodome, uliofunguliwa mwaka 1982. Huko nako Super Bowl ilichezwa, tarehe 26 Januari 1992, huku Wamarekani wa asili wakiandamana nje kulipinga jina la timu ya Washington, jina ambalo klabu hiyo ililiacha mwaka 2020. Metrodome ulijengwa kwa matumaini kwamba ungeamsha biashara. Kwa miongo mitatu sehemu kubwa ya eneo lililouzunguka ilibaki maegesho ya magari.

Mwezi Mei mwaka 2012 Gavana Mark Dayton alitia saini sheria ya kujenga uwanja mpya kwa ajili ya timu ya Minnesota Vikings. Gharama yake ilifikia takriban dola bilioni 1.1. Jimbo lilibeba dola milioni 348 na jiji milioni 150.

Katiba ya jiji, kwa kifungu kilichopitishwa na wapiga kura mwaka 1997, ilitaka kura ya maoni ifanyike kabla jiji halijatumia zaidi ya dola milioni 10 kwa uwanja wa michezo. Sheria ya mwaka 2012 ilikiruka kifungu hicho. Baraza la Jiji liliidhinisha mpango kwa kura 7 dhidi ya 6, na wananchi hawakuulizwa.

Sehemu ya jimbo ilitarajiwa kutoka katika michezo ya bahati nasibu ya kielektroniki inayochezwa kwenye mabaa. Mapato ya mwanzo yakawa haba mno, na mwaka 2013 wabunge wakaongeza vyanzo vingine, ikiwemo kodi ya sigara ya mara moja. Hivyo mvutaji sigara wa kipato cha chini, asiyewahi kuota kuingia uwanjani, alichangia ujenzi wake. Miaka ya baadaye bahati nasibu hiyo ilishamiri, na mwaka 2023 jimbo lililipa deni lake lote, takriban miaka 20 kabla ya muda uliopangwa. Watetezi wa mradi wanaihesabu hiyo kuwa hoja yao kubwa. Wapinzani wanauliza nani hasa aliyecheza na kupoteza fedha hizo.

Mwezi Mei mwaka 2014, kabla uwanja haujakamilika, Minneapolis ilizishinda Indianapolis na New Orleans katika kuwania Super Bowl. Mwezi uliofuata gazeti la Star Tribune likachapisha waraka wa siri wa NFL wenye kurasa 153. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo ligi iliutaka mji mwenyeji kuyatoa, yakiwemo maegesho 35,000 bila malipo na msamaha wa kodi kwa tiketi.

Reli iliyopiganiwa

Treni ina historia yake. Mwezi Juni mwaka 2014 ilifunguliwa njia ya Green Line, inayoziunganisha Saint Paul na Minneapolis kwa kufuata barabara ya University, katikati ya mitaa ya watu weusi, Wahmong na Waafrika Mashariki. Katika ramani ya awali baadhi ya mitaa maskini zaidi ingepitwa na treni bila ya kuwa na stesheni. Wakazi waliunda muungano ulioitwa Stops for Us, wakafanya kampeni kwa miaka kadhaa, na mwaka 2010 serikali ya shirikisho ikabadili kanuni zake za kupima faida ya miradi. Stesheni tatu zikaongezwa: Western, Victoria na Hamline.

Kwa watu wasio na gari reli hiyo ni uti wa mgongo wa maisha. Mtu anayeishi Maplewood, mji mdogo ulio jirani na Saint Paul kwa upande wa kaskazini-mashariki, aweza kupanda basi hadi Saint Paul na kuingia kwenye treni kwenda kazini Minneapolis. Baadhi ya wasafiri hao ni wale wanaosafisha hoteli na kupika jikoni, watu ambao bila wao hakuna mgeni wa Super Bowl ambaye angelala wala kula.

Siku ya mchezo treni za kuelekea uwanjani ziliwekwa kwa ajili ya mashabiki, waliopekuliwa kabla ya kupanda. Mamlaka zilieleza kwamba usalama ulilazimisha hivyo, kwa kuwa treni inasimama mlangoni mwa uwanja. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mamia ya askari wa Ulinzi wa Taifa walikuwa wameitwa kusaidia polisi. Hata hivyo waandamanaji waliifunga reli kwa miili yao, na watu 17 wakakamatwa.

Ng'ambo ya barabara kutoka uwanjani, kanisa la First Covenant lilikuwa likiwahifadhi usiku watu wasio na makao. Jengo hilo lilijikuta ndani ya eneo la ulinzi, na waliokuwa wakilala humo walihamishiwa kwa muda katika kanisa jingine la katikati ya jiji.

Hesabu ya faida

Baadaye kamati ya maandalizi ilitangaza kwamba Super Bowl iliiletea Minnesota dola milioni 370 za matumizi mapya. Wachumi wa michezo, akiwemo Victor Matheson wa College of the Holy Cross, kwa muda mrefu wamesema takwimu za aina hiyo hutiwa chumvi, kwa sababu wageni wa kawaida hukimbia siku hizo na faida ya hoteli huenda kwenye makao makuu ya kampuni zilizo mbali.

Si kwamba mitaa haikupata chochote. Kamati ilitoa zaidi ya dola milioni 5 katika misaada 52, mmoja kila wiki kwa mwaka mzima, kwa miradi ya afya ya watoto katika jimbo. Lakini msaada ni hisani, na hisani haina kura. Kukosa usemi ndiko kulikoanza mwaka 2012 kura ya maoni iliporukwa, na kuondolewa katika treni kulikuwa mwendelezo wake.

Somo hili halikuishia Minnesota. Mwezi Septemba mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Viwanja vya mashindano kama hayo vina majirani wanaopanda matatu, daladala na bodaboda kwenda kazini. Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Wakazi wa barabara ya University walipata stesheni zao tatu kwa sababu walisema mapema, wakati ramani ingali mezani.