Mwanya wa Mungumi
Sehemu ya Nne

*Wiki iliyopita: Mjomba amenitoa Makole alfajiri, akidai tunakwenda Kolo kutazama michoro ya kale.*

Gari tuliiacha chini ya mgunga. Mjomba akasema hapandi. Magoti. Magoti yale yale yaliyokanyaga mafuta toka Mayamaya mpaka Kondoa bila kulalamika!

"Nyie nendeni. Mimi picha nimeshaziona." Akakohoa kile kikohozi chake cha vipande viwili.

Ameziona lini? Nilitaka kumuuliza, lakini babu mwongozaji alikuwa ameshatangulia na fimbo yake.

Mungumi hapapandwi kwa maringo. Unashika jiwe, linakuunguza kiganja. Unaliachia, unashika mwiba. Juu kabisa kuna jabali lililoinama kama paa la baraza, na chini yake ukuta mzima ni watu. Wekundu, warefu, wembamba kama mabua ya mtama, vichwa vimefumuka kama wanaongoja kusukwa. Nikasogea mpaka pua ikakaribia mwamba. Mstari wa mkono mmoja ulikuwa mwembamba kuliko wanja.

"Usiguse, mjukuu wangu. Jasho linakula rangi."

Akanieleza kwamba miamba yenye michoro huku Kondoa ni zaidi ya 150. Mwaka 1951 Mary Leakey alipiga kambi kuinakili, na mwaka 2006 UNESCO wakaiandika kuwa Urithi wa Dunia.

"Wote hao wametukuta," alisema. "Sisi Warangi tunakuja hapa kuomba mvua na..."

Akanyamaza. Alikuwa akiutazama mwanya kati ya majabali mawili, pale wazee wanapoingia kwa matambiko. Mdomoni pake palikuwa na kichuguu cha udongo, bado mbichi.

"Wachimbaji," akatema neno. "Eti Mjerumani alificha dhahabu. Wanachimba tangu nikiwa mtoto, hawajatoa hata kijiko."

Akavua katambuga zake, nami nikavua raba. Tuliingia ubavu ubavu, tochi ya simu mbele, harufu ya popo ikitukaba koo. Hatua kumi hivi, mwanya ukapanuka. Katikati palikuwa na shimo la kina cha kiuno, likipinda kuingia chini ya jabali. Kando yake, jembe.

Nililimulika, mkono ukaanza kutetemeka. Mpini ulikuwa na ufa, umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mafundo mawili. Mafundo hayo nilifunga mimi, uani kwetu Makole, Idi iliyopita.

Babu alikuwa hatazami jembe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Unalijua?"

"Hapana, babu. Silijui."

Uongo haujanitoka vizuri, chini kule shimoni kukasikika mtu akikohoa.

Vipande viwili.

*Itaendelea wiki ijayo.*