Makanga wawili, gari la Kitale, na OpenMRS

Wengi mmesikia habari za kudunga huduma kwenye Java (si sindano jamani!) mkaona ni mambo ya vitabuni tu. Lakini sehemu ya historia yake ilipita karibu sana na kwetu.

Simama steji ya Misikhu, barabara ya Webuye kwenda Kitale. Unataka gari la Kitale, hujali ni la nani. Shida inaanza yakija mawili pamoja, na kila makanga anakuvuta mkono wake. Spring, iliyotoka toleo 1.0 mwaka 2004, ilikutana na hilohilo: klasi inaomba huduma ya aina fulani, Spring inaileta. Zikiwa mbili na hakuna aliyesema ipi, programu inakataa kuanza. Ndipo toleo 2.5 (2007) likaleta @Qualifier, unataja huduma kwa jina, na 3.0 (2009) likaleta @Primary, unasema hii ndiyo itumike pasipotajwa nyingine.

Sasa njoo Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa Microsoft Access. Mpango wa AMPATH ulipopanua matibabu ya virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya, Access ikazidiwa. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, wakaanza OpenMRS mwaka 2004, kwa Java na Spring. Februari 2006 Eldoret ikaanza kuitumia.

Kwa maoni yangu uamuzi wao bora ulikuwa moduli: kila hospitali inaongeza inachotaka bila kugusa kiini. Ila hospitali hazipandishi toleo siku moja. Moduli ileile inatakiwa ifanye kazi juu ya kiini cha zamani hapa na kipya kule. Ukipakia klasi iliyoandikwa kwa kiini kipya juu ya kile cha zamani, moduli inagoma, na foleni ya wagonjwa iko nje. @Qualifier haikusaidii, maana unapoandika hujui itaangukia mashine gani.

Jibu la OpenMRS ni @OpenmrsProfile. Juu ya klasi unaandika matoleo ya kiini inayoyafaa, au moduli ambazo lazima ziwepo. Mfumo ukiwaka, unasoma alama hizo na kuacha klasi zisizohusika, hivyo Spring inakuta moja tu. Yaani makanga mmoja amerudishwa nyumbani kabla abiria hajafika steji.

Ina mtego wake. Mimi niliwahi kuandika klasi mbili, moja ya 1.9 na nyingine ya 1.10 hadi 1.11. Rafiki akaweka moduli yangu juu ya 1.12. Hapo hakukuwa na ugomvi wa makanga wawili, hakukuwa na gari kabisa! Spring ikalalamika kwamba huduma haipo, nami nikatafuta kosa usiku kucha kwenye hifadhidata, mahali ambapo halikuwepo. Siku hizi klasi ya toleo jipya kabisa huwa naiacha bila mpaka wa juu.