Miti ya Ugogo na Kazi za Mikono

Wanachama wenzetu, wengi wetu hapa Chang'ombe twaishi katika nyumba za matofali na mabati, nasi twasahau upesi kwamba wazee wetu hawakuhitaji duka ili wajenge. Tembe ya Mgogo, yenye paa bapa la udongo, ilisimama juu ya nguzo zilizochaguliwa porini kwa ujuzi, kwa maana mti usioliwa na mchwa ndio uliopewa kazi hiyo. Mbuyu ulitoa nyuzi za kamba katika gamba lake, nalo gamba likaota tena, jambo ambalo miti mingi haivumilii. Mpingo ulichongwa michi na fimbo.

Lakini linalotustaajabisha zaidi ni ilimba. Sanduku lake la mti hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, nao ndio uipao ilimba mvumo wake. Asiyejua buibui huyo akaapo hatengenezi ilimba, hata awe na randa nzuri namna gani! Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani mwetu, aliyefariki mwaka 2003, aliipigia ilimba hii mataifa ya Ulaya na Japani, nao wageni wakasikiliza.

Miti yenyewe ilikuwa imekwisha kupungua. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga huko Kongwa, matingatinga yakang'oa pori kwa maelfu ya ekari, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Karanga zilikuwa haba, na pori halikurudi upesi. Kisha, mwaka 1971, Operesheni Dodoma iliwakusanya watu katika vijiji. Shule na zahanati zilisogea karibu, hilo hatulikani. Ila kuni na boriti zilikwenda mbali, na tembe ikaanza kuachwa. Siku hizi mkaa wa jiji hula hata mpingo.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuchongwa vyema. Tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa, na hapa nyumbani haukatwi bila kibali. Basi mkulima auonapo mche wake shambani huuona kuwa mzigo, akaung'oa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye hasara, wala si kwa mchonga vinyago.

Yapo yanayofaa kufuatwa. Shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa limewafundisha wakulima wa mkoa huu njia ya Kisiki Hai: kisiki kilichokatwa haking'olewi, bali machipukizi machache yaliyo imara huachwa, mengine yakapogolewa. Mizizi ya zamani tayari imefika penye maji, kwa hiyo mti hukua haraka kuliko mche mpya. Mwenye kuhitaji mpini wa jembe atapata wake baada ya miaka michache. Mwenye kuhitaji kinu atamwachia mjukuu.