Umeambiwa Usile Kabla ya Kupimwa Nyongo? Kisa Kilianza na Mbwa Mwenye Njaa

Wadau, ukiwa kwenye foleni ya ultrasaundi tumbo linanguruma, lazima ujiulize: kwa nini nimekatazwa kula tangu usiku? Jibu lina historia tamu.

Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, mifupa ikaanza kuonekana. Lakini mfuko wa nyongo ni nyama laini, haukutokea kwenye picha, na vijiwe vingi vya nyongo navyo havitokei. Mgonjwa akija analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, daktari alibaki kubahatisha. Kuna waliopasuliwa tumbo, kumbe mfuko hauna tatizo lolote.

Mwaka 1923 huko St. Louis, Marekani, daktari wa upasuaji Evarts Graham wa Washington University akapata wazo. Ilishajulikana kuna rangi ambayo ukiichoma kwenye mshipa, ini huichuja na kuitoa pamoja na nyongo. Sasa je, rangi hiyo ikitiwa iodini au bromini, vitu ambavyo eksirei haivipenyi kirahisi? Si mfuko utajichora wenyewe! Kazi akamkabidhi daktari kijana, Warren Cole.

Cole akachoma sindano mbwa mmoja baada ya mwingine. Picha tupu. Halafu siku moja, kwa mbwa mmoja tu, kivuli cha mfuko kikatokea. Huyu ana nini? Akambana mtunza mbwa. Jamaa kwanza akaruka, eti hakuna kilichobadilika. Baadaye akakiri: asubuhi ile alisahau kumlisha.

Siri ikafichuka hapo. Ukila, hasa vyakula vya mafuta, mfuko hujikamua na kumwaga nyongo kwenye utumbo, na dawa inaondoka nayo. Ukikaa na njaa, mfuko hujaa na kuikoleza.

Mwaka 1924 wakatangaza kipimo chao. Baadaye sindano ikapisha vidonge: unameza jioni, unapigwa picha asubuhi. Mfuko usipotokea, hiyo yenyewe ilikuwa dalili ya ugonjwa. Miaka ya 1970 na 1980 ultrasaundi ikachukua nafasi.

Vidonge vimepitwa na wakati ila sharti la njaa limebaki, maana mfuko uliojikamua hauonekani vizuri. Kwa hiyo mdau, kama umeshapiga chai na maandazi, sema ukweli upangiwe siku nyingine. Ukiruka kama yule jamaa, kijiwe kinaweza kupita bila kuonekana, na maumivu utarudi nayo nyumbani.