Wafaransa wa Rubaga

Rubaga ni mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, na juu ya kilima chake limesimama kanisa kuu la Wakatoliki lililowekwa wakfu mwishoni mwa 1925. Karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, Waganda waliokiegemea kilima hicho waliitwa Abafalansa, yaani Wafaransa, na wenzao wa Namirembe, kilima cha Waprotestanti, wakaitwa Abangereza, yaani Waingereza. Kwa sababu ya majina hayo, vita vya Mengo kati ya makundi hayo, vya 24 Januari 1892, husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa Ulaya uliohamia Buganda. Mimi naona majina yametupoteza. Ufaransa wa Rubaga ulikuwa dini na chama cha barazani. Utaifa haukuwemo, na lugha ya Kifaransa ilikuwemo kwa nadra tu.

Tuanze na lugha. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walifika Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Mbele ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliyekielewa Kiswahili kwa kuzoeana na wafanyabiashara wa pwani, Lourdel alijieleza kwa mchanganyiko wa Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa. Hayo aliyaandika mpinzani wake Mackay, mmisionari wa Kiprotestanti. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji, na mwaka 1885 mmoja wao, Livinhac, akachapisha sarufi ya Kiganda. Mwalimu hapo alikuwa Mganda, mwanafunzi Mfaransa. Waganda nao walilichukua neno "mon père" (baba yangu), wakalifinyanga likawa Mapeera, jina la Lourdel hadi leo.

Tukiwatazama watu, majina yanalegea zaidi. Askofu Hirth, kiongozi wa Rubaga siku ya vita, alizaliwa Alsace, nchi iliyokuwa chini ya Ujerumani tangu 1871. Mackay, nguzo ya "Waingereza" hadi alipofariki 1890, alikuwa Mskoti. Lakini ushahidi mzito kuliko wote ni Kabaka Mwanga. Januari 1892 alikuwa upande wa Wafaransa, hali hajabatizwa. Bunduki za Kapteni Lugard, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza, zilipowashinda Wafaransa na Rubaga ikateketea, alikimbia. Aliporejea mwezi Machi alihesabiwa Mwingereza. Taifa halibadilishwi kwa majuma kadhaa. Chama hubadilishwa, hasa pale kiti cha enzi kinapokuwa rehani.

Atakayepinga atasema kwamba serikali ya Ufaransa yenyewe ililalamika London baada ya vita, kwa hiyo jina lilikuwa na mizizi. Ni kweli ililalamika, na mapadre walikuwa raia wake. Ila malalamiko hayo yalifuata moto. Kilichouwasha ni ugawaji wa vyeo na mashamba miongoni mwa Waganda, na ndiyo maana suluhu ilihusu ardhi: Wakatoliki wakasukumiwa jimbo la Buddu. Hata hivyo jina lilikuwa na madhara, na Roma ililitambua hilo. Mwaka 1894 iligawa eneo la kanisa, na mwaka uliofuata Askofu Hanlon akafika na mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakaweka makao Nsambya, kilima kingine cha Kampala, ambako Mkatoliki sasa aliungama kwa padre Mwingereza.