Mama Zetu wa Ujiji na Lawama ya Utasa

Mtu wa kwetu Lusangi akiulizwa kabila lake hasemi, "Mimi Mmanyema." Atasema Mbangubangu, au Mzimba, au Mkusu. Lakini mwulizeni mtu wa Ujiji ambaye ukoo wake ulitoka Kasongo au Kabambare: huyo atajiita Mmanyema bila kusita. Jina hilo wazee wake walipewa safarini, na ng'ambo ya ziwa wakalivaa kama nguo yao.

Njia yenyewe ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika Mtowa penye ziwa Tanganyika. Hapo watu walivuka mpaka Ujiji, kisha Tabora na pwani. Siku za Tippu Tip zilipita pembe za ndovu, na watumwa pia, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wabelgiji waliitwaa Kasongo mwaka 1893, na vita vile vikaisha mwanzoni mwa 1894. Njia lakini haikufungwa. Watu waliendelea kuhama, hawa kwa kufuata ndugu zao, hawa kwa kutafuta kazi au kukimbia kodi. Na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 mji ulizidi kuvuta watu.

Msomi mmoja wa Marekani, Bibi Sheryl McCurdy, alijitaabisha kuchunguza habari za wanawake hao. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia, ya mwaka 2000, yahusu uzazi, uganga na vyama vya Wamanyema wa Kigoma tangu 1850 hivi hata 1993. Mwaka 2001 alitoa pia insha juu ya miaka ya 1926 hadi 1936, wakati wa utawala wa Waingereza. Neno kubwa la siku zile lilikuwa hili: wanawake wa Kimanyema wanazaa watoto wachache, nao wana magonjwa ya zinaa. Mwanamke wa mjini akahesabiwa kuwa hatari.

Kwamba ugonjwa ulikuwako, sikatai. Kisonono kisipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke, hata kama yeye hasikii maumivu yoyote. Humnyima mwanamume uzazi vilevile. Na dawa ya penisilini haikuenea ila baada ya vita ya 1939–1945. Lakini ugonjwa huo ulipita njia gani? Msichana aliyetekwa, akapewa mtu huyu, kisha akauzwa kwa yule, hakuulizwa neno. Wapagazi, askari na wachuuzi walipita kituo kwa kituo. Mimi naona kwamba yeyote aliyesema "ni tabia yake" alitazama mwisho wa njia tu, akasahau ilikoanzia.

Tena fikirini mtoto alikuwa nini kwa mwanamke kama huyo. Huku nyumbani tasa anao kaka zake na shangazi zake. Ujiji, mtu aliyeng'olewa kwao hana ukoo ila ule atakaouzaa mwenyewe. Asipozaa, nani atamzika? Basi wanawake wakashikamana katika vyama, wakachezeana ngoma, wakatafutiana uganga. Mwaka 1932 vyama viwili vya Ujiji viligombana hata ugomvi ukaitwa vita, na Bibi McCurdy aliandika makala nzima kuuliza kwa nini wanawake waliuchochea. Mimi katekista siwezi kusifu uganga wa pepo. Lakini nakumbuka kuhani Eli: alimwona Ana hekaluni akitikisa midomo bila sauti, akadhani amelewa. Kumbe alikuwa akimlilia Mungu mtoto. Kuhani yule hakuuliza kwanza, alikemea kwanza.

Na sisi je? Kwetu hapa mwanamke asiye na mtoto huja peke yake kuomba sala. Mara chache sana nimemwona mume akija pamoja naye. Mmoja alikuja akilia, maana wakwe zake walikwisha kuhesabu mbuzi za mke wa pili. Nikamwuliza kama mumewe naye amepimwa dispensari. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Katekista, mwanamume hupimwa nini?"