Maadui wa picha za Kihindi: nani hasa mbaya?

Ikitajwa picha ya Kihindi, wengi wetu hukumbuka kwanza nyimbo, kisha stelingi. Lakini kaa barazani Mji Mkongwe na watu wazima waliokuwa wakienda Majestic, Empire au Cine Afrique, utasikia habari za adui: alivyocheka, alivyokodoa macho, alivyomalizwa. Wengi ukumbini hawakujua Kihindi, kwa hiyo adui ilibidi ajulikane kwa uso na mwendo.

Gabbar Singh wa Sholay (1975), aliyechezwa na Amjad Khan, ana jina kubwa kuliko wote. Hana jumba wala suti. Ni jambazi wa majabalini mwenye magwanda machafu, anayetoza wanakijiji nafaka zao, na aliyemkata mikono yote miwili ofisa wa polisi aliyewahi kumkamata. Watengenezaji walitaka afe mikononi mwa ofisa huyo, au tuseme miguuni mwake. Wakaguzi wa filamu wa India wakakataa mtu kujichukulia hukumu, ikabidi polisi watokee mwishoni na kumkamata. Mogambo wa Mr. India (1987), aliyechezwa na Amrish Puri, alitisha pia, ingawa yule ni wa kuchekesha zaidi.

Kwetu, adui mwenye uzito ni Jagga wa Awara (1951), picha ya Raj Kapoor iliyopendwa mno Zanzibar. Jagga, aliyechezwa na K. N. Singh, alifungwa bila hatia na jaji aliyeamini kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa kuwa baba yake alikuwa mhalifu. Kulipa kisasi, akamteka mke wa jaji, kisha akamwachia alipojua ana mimba. Jaji akasikiliza maneno ya watu, akamfukuza mkewe. Mtoto, Raj, akakulia kwenye umasikini, na Jagga akamfunza wizi.

Jagga hana wa kumtetea. Lakini aliyemtupa mwanamke mjamzito nje ni mheshimiwa wa mahakama. Hapa kisiwani, ambako uvumi na talaka vinaweza kumwacha mama na mtoto bila pa kwenda, mambo hayo hayakuhitaji mkalimani.

Jagga anauawa na Raj, kijana aliyemfunza mwenyewe. Jaji hafi. Anasimamishwa mahakamani na kuhojiwa na wakili mwanamke, Rita, ambaye yeye mwenyewe ndiye mlezi wake.